Limau, chumvi na bega la mfalme

Kwetu Lamu shaba ikiachwa ikawa nyeusi, aibu ni ya mwenye nyumba. Siku chache kabla ya Idi, sinia, dele la kahawa na mrashi hushushwa vyote, mtu akaketi uani na nusu ya ndimu, chumvi na majivu ya mkaa, akasugua mpaka auone uso wake. Nimelelewa hivyo. Bibi yangu alikuwa akilikagua sinia kwa kulielekeza juani, na akiona doa hasemi kitu, anakurudishia tu.

Basi Desemba ya 2008 ilinikuta Takaoka, mkoa wa Toyama, upande wa Japani unaotazama bara la Asia. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kama mke wa nyumba ile. Wajapani hufunga mwaka kwa usafi mkubwa, na mavyaa wangu aliniachia chumba cha wageni. Alisema nipanguse vumbi. Akavaa viatu vyake vya theluji, akatoka kwenda dukani.

Katika chumba cha wageni cha nyumba za kizamani za huku huwa na nafasi iliyoingia ukutani, inaitwa tokonoma. Huangikwa mchoro mmoja wa kukunjwa, chini yake hukaa kitu kimoja, basi. Mtu wa Lamu hana haja ya kuelezwa sana, ni kidaka chetu kile kile. Tofauti ni kwamba sisi zidaka tunazijaza mabakuli ya Uchina safu kwa safu, wao pambo lao ni ile nafasi tupu. Katika tokonoma ya nyumba hii alisimama mzee wa shaba, kimo cha sentimita 50 hivi. Ndevu zimemshuka kifuani. Nywele zimegawanywa katikati na kufungwa vifundo viwili, kimoja kila sikio. Shingoni mkufu wa shanga zilizopinda kama korosho, kiunoni upanga mnyoofu, na mkono wa kushoto umeshika upinde mrefu kumzidi yeye mwenyewe. Kwenye ncha ya juu ya upinde palikuwa na tundu dogo lisilo na kazi yoyote niliyoijua. Mwili mzima ulikuwa mweusi wenye ukahawia ndani yake, na kwenye mikunjo ya nguo weusi huo ukielekea ukijani.

Mimi nikaona uchafu wa miaka mia.

Nilimbeba mpaka jikoni, mzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Nikakata limau, nikalichovya kwenye chumvi, nikaanza bega la kulia. Mwanzo halikukubali. Nikaongeza nguvu, kitambaa kikaanza kutoka kahawia, halafu cheusi, kisha chini ya kidole changu pakatokea rangi ya waridi yenye manjano, mpya kabisa, kama ngozi iliyobanduka gamba la kidonda. Nilifurahi. Nilishamaliza bega, nusu ya shingo na mkono mpaka kiwiko niliposikia mlango wa mbele ukisukumwa.

Mavyaa aliweka chini mfuko wa vitunguu. Alipiga magoti pale pale sakafuni. Hakuigusa sanamu kwanza. Aliuchukua mkono wangu, akalitoa lile limau kiganjani, kisha akakausha bega la yule mzee kwa ncha ya aproni yake, polepole, kama anayekausha kichwa cha mtoto. Akaniambia, "Umefanya kazi tangu asubuhi. Tunywe chai." Hakuna jingine alilosema siku ile. Nilimwona bibi yangu akinirudishia sinia, nikajua nimekosea, ila sikujua kosa ni lipi.

Usiku mume wangu ndiye aliyeniambia. Weusi ule haukuwa uchafu. Ulipakwa.

Mji wa Takaoka umeishi kwa kusubu shaba tangu mwaka 1611, Maeda Toshinaga, bwana wa nchi ile, alipowaleta mafundi saba wa kusubu akawapa ardhi katika mtaa unaoitwa Kanayamachi. Mtaa bado upo, nyumba zake zina mbele za fito nyembamba za mbao, na ukipita mchana bado utasikia nyundo. Kengele nyingi za mahekalu na sanamu nyingi za viwanja vya Japani zimetoka mji huu. Katikati ya mji ameketi Buddha mkubwa wa shaba, karibu mita 16 pamoja na kiti chake, aliyekamilika mwaka 1933. Mimi nilikuwa nikimpita kila siku nikienda darasa la lugha, mwili wake wa kijani, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini mji wa mafundi haujamsugua.

Baada ya mwaka mpya mavyaa aliifunga sanamu kwenye kitambaa, tukampelekea mzee mmoja anayefanya kazi ya kutia rangi. Kazi za shaba huku zimegawanywa: wa kusubu ni mwingine, wa kusawazisha mwingine, wa kuchonga nakshi mwingine, na wa rangi ana karakana yake peke yake. Mzee yule alianza kwa kuipindua sanamu miguu juu. Alinionyesha ndani ya uwazi wake, udongo ulioungua bado umeshikilia kwenye kona. Hicho ni kiini cha kalibu, alisema. Sanamu iliundwa kwa nta juu ya udongo, ikafunikwa udongo tena, nta ikayeyushwa ikatoka, shaba ikamiminwa mahali pake. Madini yenyewe wanayaita karakane, maana yake madini ya Uchina, shaba nyekundu pamoja na bati na risasi. Nikamwambia kwetu kuna siwa, pembe kubwa ya shaba ya watawala, na wanaoijua husema nayo ilisubiwa kwa nta. Aliniuliza rangi yake ni ipi. Nilishindwa kumjibu, maana nimeiona tangu utotoni bila kuitazama.

Kisha akanionyesha kazi yake, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndicho nilichokifuta kwa nusu saa.

Alikuwa na chungu chenye maji meusi. Humo mna vipande vya chuma vilivyolowekwa katika siki na chai kwa muda mrefu. Ni dawa ile ile, alisema, ambayo wanawake wa Japani wa zamani walipaka meno yao yawe meusi, ulipokuwa urembo wa mwanamke aliyeolewa. Alikipasha moto kisahani cha shaba juu ya makaa, akachovya brashi ya mabua ya mpunga yaliyofungwa pamoja, akapitisha. Maji yalilia tssss, yakakauka, yakaacha kivuli tu. Akapasha tena, akapitisha tena. Rangi haikuja kwa mpako wa kwanza wala wa tano. Ilikuja kama jioni inavyoingia, huwezi kusema ni saa ngapi. Kuna rangi nyingine, akasema, hupatikana kwa kukipaka kitu pumba za mchele zilizokandwa na kukichoma. Nyingine kwa kukichemsha katika chumvi za shaba, na kabla ya kukitumbukiza hukichovya kwenye figili nyeupe iliyokunwa ili rangi isitoke mabaka. Figili! Ile ile ninayoikuna kwa ajili ya samaki. Mwisho hufungwa yote kwa nta au utomvu.

Baadaye nilielewa pia kwa nini mafundi wa mwisho wa karne ya 19 walikuwa hodari kiasi hicho. Mwaka 1876 serikali ya Mfalme Meiji ilipiga marufuku kubeba upanga hadharani, na watu waliokuwa wakitengeneza vikingio vya mkono na mapambo ya vipini wakapoteza wateja wao kwa siku moja. Mikono yao wakaigeuzia sanamu za kuweka ndani, vyetezo na vyombo vya maua, kazi ambazo mfano wake ulikuwa umeshaonyeshwa Vienna 1873, zikaenda pia kwenye maonyesho ya Philadelphia 1876 na Paris. Kilichowashangaza wageni hakikuwa umbo peke yake. Ilikuwa rangi, kwamba madini yanaweza kuwa na weusi wa manyoya ya kunguru au ukahawia wa ganda la nazi bila kupakwa rangi ya kopo.

Mavyaa alimwuliza mzee nini kifanyike. Alijibu kwamba yako mambo mawili. Anaweza kuivua rangi yote na kuitia upya, na hakuna atakayejua. Au iachwe, bega litafanya weusi wake lenyewe kwa miaka, ila halitalingana na mwili. Mavyaa akauliza, "Ingekuwa yako?" Mzee akaigeuza geuza, akasema, "Nikiivua yote, itakuwa kazi yangu. Haitakuwa yake tena."

Fundi mwenyewe hana jina. Chini ya sanamu hakuna muhuri wala saini. Mavyaa aliinama kwa heshima, akaifunga kwenye kitambaa, tukarudi nayo na bega lake linalowaka.

Njiani ndipo nilipouliza huyu mzee ni nani. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja miezi saba.

Aliniambia ni Jimmu, mfalme wa kwanza wa Japani, kizazi cha Amaterasu, mungu jua. Alitoka Hyuga, kusini, akiwa na miaka 45, akapanda majahazi na kaka zake kuelekea mashariki. Walipotua karibu na Osaka ya leo walipigwa, na kaka mkubwa akachomwa mshale wa mkono. Kabla hajafa aliwaambia kosa lao: sisi wana wa jua tumepigana tukilielekea jua. Wakaizunguka rasi kwa bahari ili jua liwe mgongoni mwao. Milimani wakapotea, wakaletewa kunguru wa kuwaongoza, yule wa miguu mitatu ambaye leo yuko kifuani mwa jezi za timu ya soka ya Japani. Katika vita ya mwisho mbingu ilifunga giza, ikanyesha mvua ya mawe, na mwewe wa rangi ya dhahabu akaja kutua kwenye ncha ya upinde wa Jimmu, aking'aa kama radi, mpaka maadui wakashindwa kufungua macho. Akatawazwa Kashihara, katika mkoa wa leo wa Nara, mwaka unaohesabiwa kuwa 660 kabla ya Kristo.

Yameandikwa katika vitabu viwili vya kale, kimoja cha mwaka 712 na kingine cha 720. Kimoja kinasema aliishi miaka 137, kingine 127. Wanahistoria hawana ushahidi wowote kwamba mtu huyo alikuwepo. Lakini mavyaa, aliyeanza shule mwaka 1944, alifundishwa majina ya wafalme kama tulivyofundishwa sisi sura fupi chuoni, kwa kuimba: Jimmu, Suizei, Annei, Itoku, Kōshō, Kōan... Aliwaimba mbele yangu kwenye kituo cha tramu, bila kukwama, akiwa na miaka 71. Nikamwuliza kama kuna mtoto aliyewahi kuuliza juu ya ile miaka 127. Akasema haikuwa zama za kuuliza. Na ni kweli. Mwaka 1940, mwaka huo huo ambao taifa zima lilisherehekea miaka 2,600 ya Jimmu, vitabu vya profesa Tsuda Sōkichi vilipigwa marufuku kwa sababu alizichambua habari za wafalme hawa wa mwanzo, na yeye akashtakiwa.

Nami nikampa wa kwetu. Nilimsimulia Fumo Liyongo, mwenye upinde, aliyemshinda kila mtu mpaka wakamtumia mwanawe. Nilimweleza kwamba Liyongo hafi kwa chuma wala mshale, hufa kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwana alimchoma baba akiwa usingizini. Liyongo akaamka na upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, akafa vile vile. Watu walikaa siku nyingi na kiu wakidhani yu hai ameghadhibika. Mavyaa alisimama njiani kwenye theluji kusikiliza. Akaniuliza upinde wa Liyongo uko wapi. Nikamwambia haupo, kaburi tunaonyeshwa karibu na Kipini, upinde hapana. Akatazama furushi mikononi mwake, akasema, "Huu ungalipo, lakini haujakamilika."

Sikumwuliza zaidi. Kuna mambo mkwe huachiwa aambiwe kwa wakati wake.

Wakati wake ulikuwa miaka sita baadaye. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu, na mavyaa alikuwa ameanza kugawa vitu vyake. Aliniita kwenye kabati, akatoa kijisanduku cha mbao nyepesi ya kiri, na ndani ya hariri iliyofifia mlikuwa na ndege wa shaba wa ukubwa wa kidole gumba. Mbawa zimefunguka nusu. Mabaki ya dhahabu yalikuwa yamebaki katikati ya manyoya, na chini ya miguu palikuwa na kipini kidogo. Nikalikumbuka lile tundu kwenye ncha ya upinde.

Nilimtambua ndege. Ni mwewe wetu, yule anayezunguka juu ya madau ya samaki Lamu, na juu ya ghuba ya Toyama pia wako, hushuka wakampokonya mtu mkate mkononi.

Aliyemtoa upindeni ni mavyaa wa mavyaa wangu. Mwaka 1941 amri ilitoka watu watoe vyuma na shaba kwa ajili ya vita. Mahekalu yalitoa kengele, na nyumba hii ilitoa birika, beseni na kijiko cha makaa. Mkusanyaji alipofika chumba cha wageni na kumwona Jimmu, aliinama akaondoka. Kwa hiyo Jimmu alipona. Mtoto wa kwanza wa nyumba hakupona. Jeshi lilikuwa na nishani yake, Nishani ya Mwewe wa Dhahabu, iliyoanzishwa 1890 kwa heshima ya ndege huyu, na mwewe akawa kila mahali, kwenye nyimbo, hata kwenye pakiti za sigara. Kabla ya kuondoka kwenda vitani kijana alisimama mbele ya tokonoma, baba yake akimwonyesha ndege. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Agosti 1945 Toyama mjini iliteketezwa kwa mabomu. Mavyaa wangu, akiwa mtoto, aliziona mbingu nyekundu kutoka Takaoka. Wiki mbili baadaye vita ikaisha. Barua ya kifo cha kijana ilikuja vuli ile, na siku hiyo hiyo mama yake aling'oa ndege kwa koleo, akamfunga kwenye kitambaa cha kimono yake. Wengine walidhani anawaogopa Wamarekani. Serikali yenyewe iliifuta nishani mwaka 1947. Sikukuu ya Jimmu ya tarehe 11 Februari ikafutwa 1948, ikarudi 1967 kwa jina jingine. Ndege hakurudi.

"Aliniambia mimi nilipoolewa," mavyaa alisema. "Hakumwambia mwanawe." Naye hakumwambia mume wangu. Ndipo nikajua kwamba katika nyumba hii sanamu ni ya wanaume, lakini habari zake zimepita kwa wake walioolewa, wageni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kitambaa chake kikavu.

Mavyaa alifariki Februari 2020. Baada ya arobaini na tisa, ambayo kwao ni kama arobaini yetu, mume wangu alikiona kijisanduku, nikamsimulia yote. Alimshika ndege, akamsogeza kwenye ncha ya upinde. Kipini kililingana na tundu kabisa. Yuko mtu ananunua vikale mjini, alisema. Sanamu ikiwa na mwewe wake bei hupanda mara nyingi, maana nyingi zimempoteza, na bila yeye Jimmu huonekana mzee yeyote mwenye upinde. Ni kweli, nimeshayaona hayo kwa macho yangu kwenye minada. Nimejifunza pia kupindua na kutafuta udongo wa kalibu, kukwaruza kidogo mahali pasipoonekana, kwa sababu za bandia hutoka kijivu cha zinki, na kuangalia kama ndani ya mikunjo rangi ni nzito kuliko juu, jinsi mkono unavyoiacha. Nikamwomba amrudishe ndege kwenye hariri. Alikaa naye kiganjani kitambo kirefu, kisha akamrudisha.

Vifuniko vya sanduku za kiri huandikwa kwa wino kitu kilichomo na kilikotoka. Hicho cha ndege hakikuwa na neno hata moja. Mwaka huu, bega la Jimmu likiwa limefikia rangi ya kahawa chungu lakini bado halilingani na shingo, nilimweka binti yangu karibu aniandikie kwa Kijapani, kwani mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, nami nikaandika chini yake kwa Kiswahili. Mwewe alitolewa na mama wa nyumba hii, vuli ya 1945, kwa ajili ya mwanawe. Bega la kulia, nusu ya shingo na mkono mpaka kiwiko vilisuguliwa kwa limau na chumvi, Desemba 2008, na mke aliyetoka Lamu. Binti aliuliza kama aandike pia kwamba sikujua. Nikamwambia aandike.